Nani Atamsahihisha Mama Fundi

Ukitaka kumjua Mama Fundi, usimtazame akishona. Mtazame akifumua. Kushona hata wewe ukikalishwa kwenye cherehani kwa muda utashona, lakini kufumua kazi ya mwenzio mbele ya macho yake, na mwenzio asikuchukie, hicho ni kipaji. Msichana wa kujifunza akimletea sketi yenye pindo lililokwenda kombo, Mama Fundi anavaa miwani, anachukua wembe, ta, ta, ta, uzi wote chini. Kisha anamrudishia kitambaa na kumwambia, "Haya mwanangu, anza tena. Mimi mwenyewe nilifumuliwa mpaka vidole vikaota sugu." Wanalia, wanashona, wanafumuliwa tena, na mwisho wanakuwa mafundi wa kweli.

Chumba cha kazi kinatazama barabara. Cherehani mbili ziko mlangoni ili zipate mwanga, meza ya kukatia iko ndani, pembeni pasi na kioo kirefu chenye ufa. Nyuma ya pazia ndiko nyumbani: vyumba viwili, jiko na ua mdogo. Anaishi humo na mwanawe, dereva wa malori ambaye nyumbani kwake huja kama mgeni, na mke wa huyo mwanawe, ambaye mtaa mzima unamwita Mpole. Jina hilo hakupewa bure. Mpole akimletea mama mkwe chai, anashika kikombe kwa mikono miwili na macho chini. Miaka yote waliyokaa pamoja hajamwambia neno la kumpinga, hata siku ile Mama Fundi alipotia chumvi kwenye mboga iliyokwisha kutiwa chumvi. Mpole alikula, akanywa maji mengi, akasema mboga ni tamu.

Sasa, Mama Fundi ana mjukuu mmoja tu, naye yuko mbali. Ni mtoto wa binti yake, aliyeolewa ugenini na kuzaa hukohuko. Mtoto huyo hasikii, tangu kuzaliwa. Amefundishwa lugha ya ishara, na amefundishwa kuandika lugha ya kule, na anaiandika vizuri kuliko wengi wenye masikio yao. Kiswahili hajui, na nani atamlaumu, mtoto wa miaka tisa mwenye lugha mbili tayari. Basi wakipigiana simu ya picha, bibi anapunga mkono, mjukuu anapunga mkono, wanacheka, wanapunga tena, mpaka mikono inachoka. Halafu mama wa mtoto anaingia katikati kutafsiri, na unajua mambo ya mkalimani mwenye haraka ya kwenda kazini. Bibi akisema maneno kumi, mtoto anafikishiwa mawili.

Ndipo Mama Fundi akagundua kwamba simu yenyewe inaweza kugeuza lugha. Unaiambia kwa Kiswahili, inakutolea maandishi ya kule, unatuma. Alifurahi pasi na kifani. Kila jioni akawa anamwandikia mjukuu: nimeamka, nimeshona, mvua imenyesha, usisahau sweta. Mtoto alijibu vizuri mwanzoni. Baadaye majibu yakawa mafupi, na baadaye yakakatika kabisa. Binti alipobanwa aseme kulikoni, alizungukazunguka weee, mwisho akatoboa.

"Mama, usikasirike. Anasema unaandika kama kampuni ya umeme. Ananiuliza anayeandika ni wewe au ni mashine. Anasema kama ni mashine, yeye hana la kuiambia."

Mama Fundi hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikaa kwenye cherehani, mguu juu ya pedeli, haikanyagi wala hashuki, na wateja wakaja wakaondoka bila kuhudumiwa. Kusahauliwa ni jambo moja. Mtu anasahauliwa kwa sababu aliwahi kujulikana. Yeye aliogopa kwamba mtoto yule atakua, atakuwa mtu mzima, na hatakuwa amemjua bibi yake hata siku moja, wala hataona kwamba amekosa kitu. Hilo lilimuuma mahali ambapo dawa haifiki.

Jioni, chakula kikiwa mezani, akasema, "Nitajifunza. Nitaandika mwenyewe, kwa kichwa changu."

"Ndiyo mama," akasema Mpole.

Na kwa kuwa Mpole akisema ndiyo huwa hatanii, kesho yake alikuwa amekwisha kupata darasa mtandaoni. Lilikuwa darasa la watu wazima wanaotaka kuandika lugha hiyo: kinyozi, mlinzi wa benki, mwuza dawa na wengine. Mwalimu alikuwa dada mchangamfu, mwenye umri wa kuwa binti yao. Walikutana kwenye simu Jumamosi mchana, kila mtu na kijisura chake ndani ya kidirisha. Lakini kazi hasa ilifanyika siku zote za wiki, kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni ambao wote waliufungua kila mtu kwa simu yake. Unaandika chako pale, wenzako wanakiona hapohapo, na wao wanaandika pembeni, kwa rangi nyekundu, palipoharibika na namna ya kuparekebisha. Mpole naye aliingia darasani, kwa kuwa lugha hiyo aliisoma kidogo shuleni na kwa kuwa lazima awepo wa kubonyeza vitufe mpaka mama azoee.

"Kumbe ni kufumuana," Mama Fundi akasema alipoelezwa. "Hiyo kazi naijua."

Akaandika kuhusu kazi yake ya kushona. Jamani, alihangaika. Mistari michache ilimchukua siku nzima, kidole kimoja kikitafuta herufi kama kuku anayedonoa. Alipomaliza akasubiri wekundu. Kinyozi alikuwa ameandika jirani yake, na sehemu ya kinyozi ilikuwa imejaa wekundu kama mtoto mwenye surua. Ya Mama Fundi ilibaki nyeupe pe. Pembeni kulikuwa na maua, mikono inayopiga makofi, "Hongera mama yetu", "Mama unatutia moyo", "Tunajivunia mama". Mwalimu naye aliandika, "Vizuri sana mama, endelea."

Mama Fundi si mjinga, ila sifa ni tamu. Akamwuliza Mpole, "Iko sawa kweli?" Mpole akatazama chini, akasema, "Iko sawa mama." Basi akaamini. Wiki iliyofuata maua zaidi, iliyofuata makofi zaidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu wetu hakujua hata kwamba anatia maji. Alikusanya mistari yake yote, akaipanga ikawa barua, akaituma kwa mjukuu bila mashine yoyote.

Jibu lilikuja upesi. "Sijaelewa. Ulitaka kusema nini?"

Binti akaongeza kwa chini yake, kwa Kiswahili na kwa upendo wote, kwamba ile mashine angalau ilikuwa inaeleweka.

Jumamosi Mama Fundi aliingia darasani na miwani yake ya kufumulia. Alingoja salamu ziishe, maana adabu ni adabu, kisha akaomba kusema.

"Mimi ni fundi cherehani. Msichana wangu akikosea, namwambia papo hapo, kwa sababu nisipomwambia mimi, atakuja kuambiwa na mteja. Nyinyi mmenivalisha gauni la mkono mmoja, mkanipigia makofi, mkaniacha niende nalo kwenye watu. Nimeaibika mbele ya mjukuu wangu. Nawauliza, nimewakosea nini?"

Vijisura vyote vikawa vinatazama kando. Kinyozi ndiye aliyejikaza. "Mama, hukutukosea. Sisi tutaanzaje? Wewe ni mama yetu. Hiyo ni heshima tu."

"Heshima hiyo inaninyang'anya mjukuu."

Mwalimu akavuta pumzi. "Mama, nikuambie ukweli," akasema. "Nikifika kwenye mistari yako mkono unakataa. Umri wako na wa mama yangu ni mmoja. Nimejaribu. Naandika kosa, nafuta, naweka ua."

"Basi niondoleeni umama," akasema Mama Fundi. "Huko kwenye ukurasa niwekeeni jina jingine. Mumsahihishe huyo, mimi mniache na heshima zangu."

Walicheka, lakini Mwalimu hakucheka sana. Akasema inawezekana. Akawafungulia ukurasa mpya ambao mtu anaingia kwa jina lolote atakalo, na akawaagiza kila mmoja ajichagulie lake, asimwambie mtu, hata yeye mwalimu asijue nani ni nani. Mama Fundi alitaka kujiita Sindano, akashtuka kwamba atajulikana kabla hajaandika, akajiita Kobe. Kulikuwa na Pilipili, Kofia, Mzee wa Bahari, na mmoja aliyejiita Kisiki.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kobe aliandika mistari yake ya kwanza, na kabla chai haijapoa ukurasa ulikuwa unawaka. Pilipili alimrekebishia vitenzi, Kofia akamhamishia maneno, lakini aliyemshukia hasa alikuwa Kisiki. Kisiki hakuwa na ua hata moja. "Sentensi hii ina mkia mrefu mpaka imesahau kichwa. Ikate hapa na hapa." "Umeandika 'nzuri' mara nne. Nzuri vipi?" "Hapa unahubiri, na msomaji atasinzia. Tueleze ulichokiona." Na kila kosa la lugha amelionyesha, akaeleza kwa nini ni kosa, akatoa mfano mwingine wa kujaribia, wala hakumwandikia jibu.

"Huyu Kisiki hana mama?" Mama Fundi aliuliza mezani, kijiko hewani. "Mtu anamwandikia mwenzake kwamba anahubiri. Amelelewa wapi?"

"Pengine anaye, mama," akasema Mpole, akimwongezea mboga.

"Kama anaye, basi namhurumia huyo mama."

Lakini alikata sentensi pale alipoambiwa zikatwe. Aliitafuta hiyo "nzuri vipi", akakuta kitambaa si kizuri tu, kinateleza, kinanata vidoleni wakati wa joto, kina harufu ya dukani mpaka kifuliwe. Alijaribu ile mifano ya kujaribia, akakosea, Kisiki akampa mingine. Polepole wekundu ukaanza kupungua. Na usiku, katika sala zake, anakowashukuru watu wake mmoja mmoja, akajikuta amemtaja: na yule Kisiki, Mungu, umpe heri, ingawa hana adabu.

Siku moja Mwalimu akawapa kazi ya kueleza nyumba zao. Mama Fundi akaona hapa ndipo pa kujidai kidogo, nani atajua. Akaandika kwamba jikoni kwake kuna dirisha kubwa, na kila asubuhi jua linamwagika ndani. Aliipenda sana hiyo ya jua kumwagika. Akarudi kwenye cherehani kushona zipu ya mteja, na simu alipoitazama tena, Kisiki alikuwa amekwisha kupita.

"Sarufi safi. Lakini dirisha la jikoni ni dogo, na halifunguki. Andika lilivyo. Lisilofunguka lina habari zaidi."

Akasoma. Akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Kisha taratibu akainua macho kutazama nyuma ya pazia. Mpole alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakunja nguo, na simu yake iko mapajani, imelazwa kifudifudi.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na fundi cherehani ndiye alipaswa kulijua hilo kabla ya wote. Alikumbuka yote aliyomtukana Kisiki mezani, akila chakula cha Kisiki. Alikumbuka na kile kijiko hewani. Na aliona jambo jingine, kwamba habari za cherehani na kitambaa zilikuwa kwenye ukurasa tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo Mpole alijua tangu mwanzo Kobe ni nani, na bado alimsahihisha bila kumwonea haya. Yule asiyeweza kusema mboga imezidi chumvi alikuwa akikaa uani, na kazi zote za nyumba mikononi, akimchambulia mkwewe neno kwa neno ili asimpoteze mtoto.

"Mpole."

"Abee mama."

Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Kumbuka huyu ni mtu ambaye hajawahi kumeza neno tangu azaliwe. Lakini aliona kwamba akilisema tu, Kisiki amekufa, na kesho kila kitu kitakuwa sawa mama, vizuri mama. Akalimeza, na lilishuka kwa shida.

"Chai ipo?"

"Ipo mama."

Ikaja, kwa mikono miwili, macho chini. Mama Fundi akaipokea, akaishika mikono yote ya Mpole pamoja na kikombe. "Asante mwanangu. Asante sana. Mungu akuzidishie."

"Kwa chai, mama?"

"Kwa chai. Hujui tu, chai yako imenifikisha mbali."

Tangu siku hiyo alimshukuru kwa chai asubuhi na jioni, kwa maneno marefu na macho yenye machozi, mpaka Mpole akampigia mumewe simu huko barabarani kumwuliza kama mama huwa hivi akitaka kuugua. Na lile dirisha Mama Fundi aliliandika upya. Aliandika kwamba ni dogo, kwamba mwanawe alilipaka rangi likiwa limefungwa na rangi ikaganda nalo, na kwamba mke wa mwanawe bado hulipiga kofi kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, labda leo litakubali. Hilo la kofi alikuwa akilisikia kila siku kutoka kitandani, ila hakuwahi kudhani ni jambo la kuandika. Kisiki alikaa kimya siku nzima. Kisha akaandika, "Hapa sina la kuondoa."

Sasa barua ya mjukuu ikawa tayari kichwani, na hofu nayo ikawa tayari. Alishamtumia maneno ya mashine, alishamtumia uji usioeleweka. Safari ya tatu mtoto ataamini nini? Akauliza kwenye ukurasa, Kobe akiuliza kama mtu aulizaye ya jirani: "Mtu akijua kuandika sasa, lakini anayemwandikia haamini kwamba ni yeye, afanyeje?"

Kisiki akajibu, "Asimtumie. Amkaribishe kwenye ukurasa, amwone akiandika."

Wakapanga na binti. Jumamosi baada ya darasa, mlango wa barabarani ukafungwa, simu ikaegemezwa kwenye kopo la vifungo juu ya meza ya kukatia. Mpole alifungua ukurasa mpya, mtupu, akamtumia mtoto njia ya kuingilia, kisha akataka kujiondokea.

"Kaa," akasema Mama Fundi, na Mpole akasimama nyuma yake.

Juu ya ukurasa kikatokea kimstari chembamba cha kijani, kinapepesa. Ndiye huyo mjukuu, ameingia. Yuko mbali, bahari na nchi katikati, na yuko hapa kwenye ukurasa, anatazama. Haandiki kitu. Mama Fundi akakunja kidole chake, akakikunjua, akaanza. Ni mimi, bibi yako. Leo nakuandikia mwenyewe. Nitakuambia habari ya dirisha letu la jikoni.

Alikwenda herufi kwa herufi. Alikosea, akafuta, akaandika, akafuta tena. Kimstari cha kijani kilipepesa tu. Alifika kwenye rangi iliyoganda, akahisi pumzi ya Mpole begani inasita, na mkono wa Mpole ukasogea kidogo kisha ukarudi.

"Sema," akasema Mama Fundi bila kugeuka.

Ikatoka sauti ndogo, iliyonyooka, ambayo nyumba hiyo haikuwahi kuisikia: "Neno la tatu, mama. Umekosea."

"Lipi?"

"Hilo. Futa."

Akafuta. Na akiwa bado anatafuta herufi ya kuanzia, kimstari cha kijani kikatikisika, na nyuma yake yakatoka maneno, moja baada ya jingine, haraka haraka kama watoto wanavyoandika, nayo akayaelewa yote bila kuuliza mtu.

"Bibi, nakuona unafuta."

Na chini yake, "Unaandika polepole sana."

Mama Fundi aliweka mkono mdomoni. Herufi za simu zilikuwa zimeanza kuogelea mbele ya macho yake, hata ile anayoitaka haionekani. Mpole, naye akijipangusa kwa kiganja, akainama na kuuliza kama amsaidie kuandika, ili mtoto asichoke kusubiri.

"Acha, mwanangu," akasema Mama Fundi. "Akiona kasi imebadilika atajua si mimi."

Akavua miwani, akaipangusa kwa kipande cha kitambaa kilichobaki mezani, akaivaa. Kwenye ukurasa kulikuwa na mstari mwingine mpya.

"Endelea. Mimi nangoja."